Sugu ni ya Mkono

Barua yenu nimeipata. Mmeniita Cucu, yaani bibi, mkaniuliza afya, mkanieleza kwamba mko saba, wote bado wabichi kazini, na mngependa niwaandikie kumbukumbu tamu za miaka yangu kwenye maabara ya Ruiru ziingie kwenye kitabu chenu cha sherehe. Asanteni. Halafu pale mwisho mkagusia, kama jambo dogo tu, kwamba utafiti wenu mpya mnaujenga juu ya ile ripoti ya wafanyakazi wa kwari ya mawe. Hapo nikavua miwani. Chai ilipoa mezani na sikuinywa.

Kumbukumbu tamu ninazo mbili tatu, nitawapa. Lakini nitaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nikingoja ipoe nitakufa kwanza.

Kwa wale hamjawahi kuniona: mimi nilikuwa fundi wa maabara, si mtafiti. Kazi yangu ilikuwa kufunga watu waya. Kituo chetu kilikuwa ghorofa ya kwanza juu ya duka la mbao, na watafiti walitoka Juja na Nairobi kuja kuchunguza yale mambo ambayo watu wakiulizwa kwa mdomo hudanganya. Unamwogopa jirani wa kabila lingine? Mimi? Hapana, siogopi mtu. Unamhurumia mgeni akiumia? Sana. Mbele ya karatasi ya maswali kila mtu ni malaika. Basi wakaamua kuuliza mwili. Moyo unapigaje mtu akionyeshwa sura ya mgeni, misuli ya uso inakunjika vipi, kichwa kinatoa umeme gani, vidole vinatoa jasho kiasi gani.

Hilo la jasho ndilo mlishike, maana ndilo lililoleta balaa. Mtu akiguswa na kitu, vijitundu vya jasho vya vidoleni hufunguka hata kama mwenyewe hana habari. Unabandika vipande viwili kwenye vidole vya mkono wa kushoto, unapitisha umeme mdogo ambao hausikiki kabisa, na kwenye kompyuta mstari unapanda. Asipoguswa, mstari unalala. Ndivyo vitabu vinavyosema, na vitabu havijawahi kuponda kokoto.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa redio kabla ya kuletwa kwetu, na mashine ya kwanza tuliyokuwa nayo, ile ya kalamu na karatasi ndefu, aliifungua na kuifunga mpaka ikamjua. Siku yangu ya kwanza nilikimbilia waya. Akanipokonya. Akaniambia, "Mama, kabla ya kushika waya, shika mkono." Nilidhani ni adabu tu ya kusalimiana. Kumbe ndicho kipimo cha kwanza. Mkono ukiwa baridi, mpe kikombe cha chai akishikilie, asinywe. Ukiwa na mafuta ya kujipaka, mpeleke akanawe kwa maji matupu, sabuni iache. Ukitetemeka, ongea naye habari ya mvua na bei ya sukuma wiki mpaka atulie. Ukiwa na ngozi ngumu, hapo simama kabisa, fikiria.

Halafu kuna makofi. Hili sijui kama mmefundishwa, maana siku hizi mnafundishwa kubonyeza. Kabla hujamwonyesha mtu picha yoyote, mwambie avute pumzi moja ya ghafla, au piga kofi moja nyuma ya kisogo chake. Binadamu yeyote aliye hai atashtuka. Mstari usipopanda hata kwa kofi, tatizo ni waya au ni ngozi. Moyo wake usiuguse, hujaufikia.

Makosa tumefanya, msidhani. Mwaka mmoja Profesa wetu mkubwa alikuja mbio amebeba karatasi, uso unang'aa. Vichwa vya watu wetu, anasema, vinatoa mawimbi ya ajabu wakionyeshwa picha za majirani, na mawimbi hayo huja saa za alasiri tu. Ameshaanza kuandika. Ati uchovu wa mchana unalegeza urafiki. Mimi na Mzee Barasa tukaangaliana. Tukashuka ngazi. Nyuma ya duka la mbao palikuwa na fundi wa kuchomelea mageti ambaye asubuhi alikata vyuma na alasiri akachomelea. Mzee Barasa akamwomba apumzike dakika tano. Mawimbi yakapumzika dakika tano pia. Profesa hakutusemesha wiki nzima, lakini makala aliirarua. Huyo alikuwa mtu mzima. Alikasirika, akararua. Kumbukeni kwamba inawezekana kurarua.

Siku nyingine tulimfunga dereva wa lori, jitu la watu, tukampitishia sura na majina ya watu wa makabila mbalimbali. Kwa sura moja tu mstari wake uliruka karibu utoke kwenye kioo. Kijana mtafiti akaninong'oneza, "Cucu, umeona? Chuki hiyo." Nikamfungua yule dereva waya nikimfuta vidole, nikamuuliza taratibu kulikoni pale kwa yule bwana wa shati la bluu. Kisha akasema yule mtu amefanana na ndugu yake waliyemzika mwezi uliopita, wamefanana mpaka masikio. Chuki gani sasa? Mashine inajua mtu ametikisika. Ametikiswa na nini, hiyo lazima umuulize mwenyewe, kwa lugha yake, ukimfuta vidole. Nilimwambia yule kijana, akasema hakuna nafasi ya kuandika mambo kama hayo kwenye jedwali.

Na nywele je! Ile kofia ya kupima umeme wa kichwa iliundwa na watu wenye nywele laini, kwa ajili ya watu wenye nywele laini. Wasichana wa Juja walikuja wamesuka vizuri, kofia ikakaa juu juu. Watafiti wakaanza kuwaondoa kwenye orodha mmoja mmoja. Miaka na miaka, utafiti wa wanawake wa Kenya bila wanawake waliosuka. Niliuliza kama huo ni utafiti wa wanawake wa wapi. Mwishowe nikaenda kwa msusi mmoja hapa Kiganjo, nikakaa kwake Jumamosi mbili nikimwangalia anavyogawa nywele kwa mkia wa kitana. Nikajifunza kufungua njia ndogo mpaka kwenye ngozi bila kuharibu msuko wa mtu. Na kwa wale wenye misuko minene nikawaambia, njoo siku ya kufumua, kabla hujasuka tena. Walikuja. Hilo kwenye ripoti limeandikwa kwamba ni mbinu iliyobuniwa na timu. Sawa. Hiyo si hasira yangu, hiyo ni mikwaruzo tu.

Hasira yangu inaitwa Zainabu.

Zainabu alikuwa mjane wa Landless, hapa Thika. Mume wake, Idi, alikufa akimwachia msichana mmoja, Aisha, wa miaka sita. Mama huyo alikuwa akidamka alfajiri kwenda kwari ya upande wa Juja kuponda kokoto, nyundo mkono wa kulia, jiwe ameliegemeza kwa wa kushoto. Siku moja akaja kwetu na wenzake wa kwari. Utafiti ulikuwa wa Daktari Dennis, kijana wa Nairobi, mwerevu, mpole hata, ametoka kusoma ng'ambo. Alitaka kujua kama watu wa kazi ngumu na wanafunzi wa chuo wanaguswa sawa na maumivu ya mtu wasiyemjua. Swali si baya. Nilimpikia chai yule kijana kila siku, sikumchukia, na hata leo simchukii vile ningetaka.

Nikamshika Zainabu mkono. Nilimkumbuka baba yangu papo hapo. Baba alikuwa mchonga mawe, na mikono yake ilikuwa vile vile: kiganja kigumu, vidole vimeota sugu mpaka kwenye ncha. Mtoto wa mchonga mawe anajua, mkono ule unaweza kuokota kaa la moto na kulirudisha jikoni bila haraka. Nikabandika vipande. Nikapiga kofi. Zainabu akaruka kwenye kiti, akacheka, akanishika bega. Mstari umelala kimya.

Nikamwambia Dennis, huyu vidole havisemi, tumpime kwenye unyayo, hapa kwenye upinde wa ndani ambako ngozi ni laini. Mzee Barasa alikuwa amenifundisha. Dennis akaangalia saa. Akasema wanafunzi wote wamepimwa vidoleni, hawezi kuchanganya vidole na nyayo, na wageni wengine wanangoja kwenye benchi. Andika tu kwenye maelezo, Cucu, tutaangalia baadaye.

Nikaandika. Kwenye daftari langu, mbele ya namba yake, kumi na saba, nikaandika neno moja: sugu. Na mbele ya wenzake wengi wa kwari nikaandika vile vile. Kiswahili changu nilikiokota Majengo nikicheza na watoto wa Kiislamu, na kwetu sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kwa kazi. Nani asiyejua sugu?

Kisha zikaja picha. Ilipofika ya mtoto aliyeungua, Zainabu aligeuza uso. Mkono wake wa kulia ulichukua ncha ya leso, akaiuma. Niliona kwa macho yangu haya. Mstari ukabaki pale pale chini. Na mimi sikuandika habari ya leso, kwa sababu jedwali halikuwa na mahali pa leso. Mnaona? Na mimi pia niko ndani ya hasira hii. Sijajitoa.

Miezi ikapita. Kituo kikaamua kurudisha matokeo kwa wananchi, jambo zuri kwenye karatasi, na tukaenda kwenye ukumbi mmoja Landless na projekta. Mimi nilishika waya wa projekta kwa sababu soketi ilikuwa imelegea. Watu walijaa. Dennis akaonyesha mistari miwili: wa wanafunzi unapanda mlima, wa watu wa kwari umelala. Akasema kwa upole kabisa kwamba maisha magumu huwafanya watu wasiguswe na maumivu ya wengine, si kosa lao. Kisha akataka kutoa mfano, maana walimu wake walimfundisha kwamba watu hupenda mfano. Jina hakutaja. Alisema tu: mama mmoja wa kwari, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike, alionyeshwa picha ya mtoto aliyeungua, na mwili wake haukutikisika hata kidogo. Fundi wetu mwenyewe aliandika neno moja tu: sugu.

Mama wa kwari, mjane, mtoto mmoja wa kike. Landless yote kulikuwa na mmoja. Vichwa viligeuka. Zainabu alikuwa kiti cha tatu kutoka nyuma, amevaa buibui jipya, amekuja kusikia walichogundua.

Usimwage mtama kwenye kuku wengi, wanasema. Pale ulimwagwa gunia zima. Na mimi nilikuwa nimesimama na waya mkononi. Ningeweza kuung'oa tu projekta izime. Ningeweza kusema, jamani, neno hilo ni langu na maana yake si hiyo. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu. Nikafikiri nitamwambia Dennis kwenye gari, kwa heshima, asije akaaibika mbele za watu. Nilimwonea aibu daktari, mama wa watu nikamwacha uchi pale. Wee! Nikikumbuka hapo huwa nasimama, nazunguka hii nyumba.

Kwenye gari nilimwambia. Akanishangaa kweli, si utani. Akasema, "Lakini Cucu, si uliandika mwenyewe? Mtu sugu. Kama mwizi sugu." Kijana wa watu hakuwa anajua sugu nyingine. Katika maisha yake alikuwa amesikia wahalifu sugu na magonjwa sugu kwenye habari ya saa moja, na mkono wa kazi hajawahi kuushika. Akasikitika. Akasema atatafuta namna ya kuweka tanbihi.

Tanbihi! Wakati yeye anatafuta tanbihi, neno lilishafika nyumbani kwa wakwe. Wifi yake Zainabu, dada wa marehemu, anaitwa Mwanaidi, alikuwa ukumbini. Alikuwa na lake tangu matanga ya Idi, kwamba Zainabu hakulia. Kweli hakulia, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini. Sasa Mwanaidi akawa na ushahidi wa mashine. Akamwambia baba yake, Mzee Ramadhani, kwamba hata wasomi wamempima yule mwanamke wakakuta hana huruma, ni sugu, na mtoto wa Idi hawezi kulelewa na mtu ambaye hata mtoto akiungua mbele yake hatashtuka. Mzee akaamini. Zainabu aliporudi kutoka kwari jioni ya siku iliyofuata alikuta nguo za Aisha hazipo kwenye kamba, na mtoto mwenyewe kachukuliwa kwa babu yake.

Najua haya kwa sababu alikuja kituoni. Alitoka Landless mpaka Ruiru akiwa na vumbi la mawe, akasimama kwenye lango. Askari alimzuia, nikashuka mimi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu kama mtu anayesubiri pingu, akasema, "Nifungeni tena. Mnipime tena mpaka muone. Ninalia ndani, Cucu, sijui kulia nje."

Nikampeleka kwa Profesa. Huyu si yule wa kurarua, yule alikuwa amekwenda zake, huyu alikuwa mpya, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Akamkaribisha Zainabu kiti, akamwagizia maji ya chupa, akamweleza kwamba utafiti umefungwa, kwamba majibu ni ya kikundi na si ya mtu binafsi, kwamba kituo hakiingilii mambo ya familia. Zainabu akauliza, kama majibu si ya mtu, mbona lililosemwa ukumbini lilikuwa la mtu? Profesa akasema hilo linasikitisha. Nikaomba basi tuandike barua moja tu, mistari miwili, kwamba vidole vya watu wa kwari havikupimika. Akaniangalia. Akasema barua kama hiyo ingeangusha ripoti nzima. Ndiyo, nikasema. Ndiyo hasa. Akaniambia nipunguze sauti.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Zingekuwa ni nguo za mtoto wake zilizoondolewa kwenye kamba, hiyo barua ingeandikwa kwa damu.

Ijumaa hiyo nilitia mashine ndogo kwenye kiondo, na kompyuta ya mkononi, na jeli ya kubandikia vipande, nikaweka viazi juu. Wizi? Iteni mnavyotaka. Wazee wa ukoo walikuwa wanakaa siku hiyo baada ya swala nyumbani kwa Mzee Ramadhani kuamua habari ya Aisha, na nikamwambia Zainabu twende, tutakupima unyayo mbele yao, mstari utapanda, watanyamaza wote. Nilijiona shujaa. Njia nzima nilikuwa nimejaa maneno.

Tulikuta wanaume watano kwenye viti, Mwanaidi kwenye mkeka na wanawake wengine, na Aisha amesimamishwa kwenye mlango wa jikoni. Mzee Ramadhani alikuwa mtu mrefu, mkimya, kofia nyeupe, mikono ameiweka juu ya magoti. Nikajieleza mimi ni nani. Nikasema mimi ndiye niliyeandika lile neno. Nikawasha kompyuta, nikamwambia Zainabu avue ndala.

Akavua. Akauweka mguu wake juu ya kigoda, mbele ya wakwe zake, mbele ya mtoto wake, akatazama ukuta. Nilichukua jeli, nikapiga goti, nikaushika ule mguu. Na mkono wangu ukakataa. Nilikuwa nafanya nini? Mama wa mtoto amekalishwa apimwe kama anampenda mtoto wake, na anayempima ni mimi yule yule. Na kama siku hiyo jeli imekauka? Kama waya umelegea? Mtoto aende kwa sababu ya waya?

Nikaurudishia ule mguu ndala yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nikainuka nikaenda kwa Mzee Ramadhani. Nikamwamkia tena, nikashika mkono wake, kwa sababu Mzee Barasa alisema anza na mkono. Na Mungu ni mkubwa: ulikuwa mkono wa baba yangu. Mgumu, umeota sugu mpaka kwenye ncha.

Nikamuuliza amefanya kazi gani. Akasema ni mchonga mawe, tangu hajaota ndevu mpaka mgongo ulipokataa. Nikamwomba ruhusa nimbandike waya. Akawatazama wenzake, akanipa mkono wa kushoto. Nikageuza kompyuta ili wote waone mstari. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi: ukipanda, ameguswa, ukilala, hajaguswa. Hivyo ndivyo Zainabu alivyopimwa, kwa vipande hivi hivi.

Kisha nikasema, "Mzee, nisamehe. Tuambie jina la mwanao."

Kidevu kilianza kutikisika kabla ya mdomo. Akasema Idi. Akasema tena, Idi, na mara ya pili sauti haikumaliza, machozi yakaingia kwenye ndevu, mzee mzima, mbele ya wanaume wenzake, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja nilikuwa nao mimi na wa pili aliusahau.

Hakuna aliyemtazama Mzee. Wote walikuwa wanatazama mstari. Ulikuwa umelala kimya.

Nikasema mashine inasema mzee huyu hajaguswa na kifo cha mwanawe. Nikasema mimi ndiye fundi, na nikirudi kituoni nitaandika mbele ya jina lake neno lile lile nililoandika mbele ya jina la Zainabu.

Mwanaidi akasema mashine imeharibika. Mzee hakumgeukia. Alimuuliza tu, akitazama vidole vyake vilivyobandikwa, kama siku ile ya Zainabu ilikuwa nzima. Mwanaidi akakunja leso yake. Nikambandua mzee vipande, nikamfuta jeli. Akafungua kiganja, akakitazama, akakifunga. Halafu akamwita mjukuu wake kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza maji. "Aisha. Vaa viatu, mama yako anakungoja."

Zainabu hakulia hata hapo. Alipiga magoti akamfunga mtoto kamba za viatu, akafunga, akafungua, akafunga tena, vidole havishiki. Tulitoka watatu. Tulipofika barabarani, Aisha katikati, Zainabu aliniuliza swali moja. Aliniuliza kama lile neno nimelifuta.

Kwenye daftari langu nililisahihisha. Nilirudi nikaongeza kwa kalamu nyekundu mbele ya kila mmoja: ya mkono. Sugu ya mkono. Nikaacha daftari na mashine mezani kwa Profesa, na barua yangu ya kustaafu juu yake, mapema kuliko ilivyopangwa. Daktari Dennis, niwe mkweli, aliandika tanbihi yake. Nimeambiwa waliiondoa kwa kukosa nafasi. Ripoti iko pale pale, mstari umelala pale pale, na namba kumi na saba hana huruma hadi leo kila mtu anapoifungua.

Na nyinyi saba ndio mnaifungua sasa. Mnajenga nyumba juu yake. Aisha yuko shule ya upili siku hizi hapa Kiganjo, msichana mwenye akili, na hunipitia Jumapili nikimfundisha kusuka. Ameniambia akimaliza anataka kuja chuo, kusoma hayo hayo mnayosoma. Siku moja ataketi kwenye meza yenu, atafungua hiyo ripoti, atafika kwenye mama wa kwari, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike.

Nimewapa kumbukumbu mlizoomba. Sasa nijibuni mimi: akifika hapo, atakuta mmeandika nini?